Sindano ya Mwandishi

Sweta ya kijani ilikuwa pale pale alipoiacha, kwenye egemeo la kochi, mkono mmoja umeshaunganishwa na mwingine unaning'inia. Mkasi ulikuwa juu ya kabati, ambako mtoto hafiki. Bunda la uzi lilikuwa kikapuni. Lakini sindano haikuwepo.

Mwandishi alisimama katikati ya sebule, simu sikioni, na ndani ya simu mhariri wake akiendelea kumweleza kwa nini sura ya mwisho ya riwaya mpya inachosha. Hakusikia tena neno hata moja. Sakafuni, mjukuu wake alikuwa amekaa miguu ameinyoosha, anakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Kikiisha, mate yanamtoka mdomoni kama bomba lililoachwa wazi, yanashuka kidevuni mpaka fulana imelowa kifua kizima.

"Bosi," alimwita. Nyumba nzima ilimwita hivyo, kwa kuwa tangu ajue kunyoosha kidole hakuacha kutuma watu. "Bosi wangu, umekula nini? Fungua kinywa. Mwambie bibi aaa."

Bosi hakusema aaa. Alilia, na kilio chenyewe kilikuwa kigeni, cha sauti iliyokwaruzwa.

Simu ilianguka. Mwandishi alipiga magoti, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa fizi, akapapasa ulimi na vijino vyake vichache. Hakukuwa na kitu. Akavuta kochi. Akainua mito, akaitikisa. Akaichukua ile sumaku aliyokuwa nayo kwenye kikopo cha vifungo, akaipitisha sakafuni huku na huku kama mtu anayepiga deki. Sumaku ilileta pini ya nywele, ikaleta pini ya nepi na msumari mdogo wenye kutu. Sindano haikuileta.

Alikuwa ameshika sindano za kufumia kabla hajashika kalamu. Utotoni alifumia spoku za baiskeli alizozichonga ncha kwenye ngazi ya mlango, kwa uzi wa sweta kuukuu alizozifumua. Sasa watu walikuja nyumbani kumwona mtunzi wa riwaya, wakaondoka wameonyeshwa mablanketi kwanza, kisha vitambaa vya kulabu, kisha kikapu alichojifunza kusuka mwaka ule, na vitabu vikatajwa wakiwa wameshafika mlangoni. "Kitabu kinaweza kukudanganya kwamba kimekwisha," alipenda kuwaambia. "Sweta haidanganyi. Haina mkono, basi haina mkono."

Sasa aliitazama ile sweta isiyo na mkono akageuza uso.

"Baba!" alipiga kelele kuelekea uani, alikokuwa mume wake anagongomea kiti. "Baba Dereva! Njoo! Mtoto amemeza!"

Mzee alitokeza kichwa mlangoni, nyundo mkononi. Miaka mingi ya kuendesha mabasi yenye injini pembeni ya dereva ilikuwa imemwachia sikio moja, na hilo moja nalo la kubembelezwa.

"Meza? Meza imefanya nini?"

"Amemeza! Mtoto amemeza sindano!"

Nyundo ilianguka chini.

*

Jirani yao, fundi magodoro, alikuwa anapakia mzigo wa mteja kwenye pikapu. Hakuuliza maswali. Alitupa godoro moja tu chini ili papatikane nafasi, akawasha gari. Mwandishi alikaa mbele na mtoto mapajani, mzee nyuma kati ya magodoro, ameyakumbatia yasipeperuke.

Mwandishi alimpigia mkwewe, mama yake Bosi, njiani. Mkwe wake alikuwa msusi, na saa ile alikuwa na kulabu ya kusukia ndani ya nywele za mteja. Aliipokea simu kwa bega.

"Mwanangu, tunakwenda hospitali. Usishtuke."

"Kuna nini?"

"Bosi. Nadhani amemeza sindano. Nimempapasa kinywani, haipo."

Mkwe akasema kwa sauti ya chini sana: "Sindano yako."

"Yangu."

Simu ikakatika. Kule saluni mkwe alimkabidhi mwenzake kichwa cha mteja bila kueleza, akatoka na aproni mwilini. Hakulia. Alikuwa na hasira kuliko machozi, na chini ya hasira kulikuwa na hofu aliyokuwa ameilea tangu alipohamia kwa wakwe zake. Juzi tu alikuta kulabu chini ya mto wa mtoto. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alichomwa unyayo jikoni. Mara ngapi alisema? "Mama, naomba sindano zako." "Mama, kikapu hiki kikae juu." Na kila mara mama mkwe alijibu kwa upole kabisa, "Nimesikia, mwanangu," kisha akaendelea kufuma huku akitazama dirishani, akitafuta sentensi.

*

"Mtoto ana nini?" karani wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho.

"Amemeza sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya kuunganishia sweta. Ni nene kidogo, ina tundu kubwa."

"Mlimwona akimeza?"

"Hapana. Haionekani tu. Na anatoka mate."

"Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mwandishi alimeza mate yake mwenyewe. "Nilikuwa naongea na simu."

"Alikuwa anaongea na simu," karani aliirudia kwa sauti, akiandika, na benchi zima likageuka kumtazama mwanamke aliyekuwa anaongea na simu.

Daktari waliyempata alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimtazama mtoto kooni kwa kurunzi, akambonyeza tumbo, akasema apigwe picha ya eksirei ili waone sindano imefika wapi. Karatasi ikagongwa muhuri. Wakaambiwa wakakae foleni.

Foleni ilikuwa ndefu na benchi lilikuwa fupi. Mzee alisimama ukutani. Bosi alikuwa ameacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikomtisha bibi yake zaidi. Alijilaza begani kama nguo iliyoanikwa, mate yakimchuruzika mgongoni mwa bibi, yakipenya gauni.

"Samahani," alisema mama mmoja aliyekaa mbele yao, mkono wake umefungwa bandeji. "Wewe si yule mwandishi? Mwanangu anasoma kitabu chako shuleni!"

"Ndiyo, dada."

"Jamani! Hawataniamini. Naomba picha moja tu. Moja."

Mwandishi hakupata hata nafasi ya kukataa. Mama wa bandeji alishamsogelea, simu ameinua kwa mkono mzima. Na kwa mazoea ya miaka mingi ya mikutano na wasomaji, uso wa Mwandishi ulifanya wenyewe ulichozoea kufanya. Ulitabasamu.

Ndipo mkwe alipotokea kwenye kona ya korido, anahema, akamkuta mama mkwe wake anatabasamu kwenye picha, mtoto wake amelala begani.

Alimchukua mtoto. Alimpokea kwa namna mtu anavyopokea chake kutoka kwa aliyemwibia, akaenda kusimama upande wa pili wa korido.

"Mwanangu, siyo kama unavyo—"

"Mama, usiseme nami sasa hivi. Nakuomba."

Mwandishi alifunika uso kwa viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Mzee alisogea, akaweka mkono mgongoni mwake, akaondoa, akaweka tena. Foleni ilisonga mtu mmoja. Halafu Mwandishi akasikia sauti ya mkwewe juu ya kichwa chake. Ilikuwa sauti tofauti.

"Mama. Usiinuke. Baki hivyo hivyo."

Vidole vikagusa kilemba chake, kisogoni. Kitu kikavutwa taratibu, kikatoka. Mwandishi aliinua macho. Mkwe alikuwa ameshika sindano, na tunduni mwake unaning'inia uzi wa kijani, mfupi, uliokatwa vizuri.

Aliichomeka pale simu ilipolia. Kama alivyokuwa akizichomeka tangu msichana, bila kujua, mkono ukifanya kazi yake na akili iko kwingine. Alikuwa amevuta kochi, amelia, amepanda pikapu, amejieleza kwa karani, na muda wote sindano aliyokuwa akiitafuta ilikuwa kichwani mwake.

Mama wa bandeji alikuwa wa kwanza kucheka. Kicheko kikapita benchi lote, kicheko cha watu waliokaa kwa hofu zao wenyewe muda mrefu na sasa wamepata pa kuzishusha. "Kumbe ipo kilembani!" mtu alimwambia mwenzake wa mbali. Hata mzee, alipoelezwa sikioni, alicheka huku machozi yakimtoka. Mkwe peke yake hakucheka. Aliegemea ukuta.

"Twende nyumbani," alisema.

*

Walikuwa wameshafika karibu na mlango wa kutokea. Mkwe alikuwa mbele na mtoto, mzee anafuata akijipangusa macho.

"Mate," Mwandishi alisema.

Hakuna aliyegeuka.

"Mate hayajakoma. Mwanangu, subiri. Mtazame. Sindano ipo hapa, sawa, mimi ni mjinga, nichekeni. Lakini kwa nini anatoka mate?"

"Anaota meno."

"Meno hayatoi mate hivi. Mpe maji."

Mkwe alishusha pumzi kama mtu anayebembeleza mlevi. Alitoa chupa ya maji mkobani, akaigusisha mdomoni mwa Bosi. Mtoto ambaye siku zote hunyang'anya chupa aligeuza uso. Mama yake akajaribu tena. Maji yaliingia kidogo, yakarudi yote, na mtoto akakunja uso kwa maumivu bila kutoa sauti.

"Umeona?"

"Amelia mchana kutwa, mama. Koo limemkauka."

"Likikauka si angekunywa?"

"Mama!" Sasa mkwe aligeuka mzima mzima, na watu wa mapokezi wakanyamaza kusikiliza. "Leo umetunga vya kutosha. Umetunga sindano, umeniondoa kazini, umemtesa mtoto kwa vidole mdomoni, ndiyo maana koo linamuuma! Sasa sindano imepatikana, unatunga kingine. Hii siyo hadithi. Huyu ni mwanangu. Anakwenda kulala."

Neno lile lilimwingia. Kutunga ndiyo kazi iliyomlisha, na hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kumtupia kama tusi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba huenda mkwewe alikuwa anasema kweli. Hakujua lolote. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na bega la gauni lililolowa tu, na woga ambao ulipaswa kuondoka sindano ilipopatikana, na haukuondoka. Ulikuwa umekua. Sindano aliijua urefu wake, aliijua ncha yake. Sasa kilichokuwa ndani ya mtoto hakikuwa na umbo.

Alipita mbele ya mkwewe, akakaa chini mlangoni. Alikaa sakafuni kabisa, miguu imenyooka mbele, gauni limepanda magotini, mwanamke mwenye mvi na vitabu madukani.

"Mama, inuka," mzee alimnong'oneza kwa ile sauti yake ya kiziwi iliyosikika mpaka barabarani. "Watu wanatazama."

"Watazame."

"Unatuaibisha."

"Nimeshaaibika, Baba. Imebaki nini? Apigwe picha. Ikiwa safi, nitakwenda nyumbani nitachoma kila kitu, uzi, sindano, vikapu. Lakini apigwe."

Mlinzi alikuwa anasogea. Mkwe alikuwa anatafuta njia ya kumruka mama mkwe wake, na aibu ya kumruka mama mkwe ilikuwa inamzuia. Ndipo fundi wa eksirei alipotokeza kichwa koridoni, mtu mfupi mwenye uso uliokasirika tangu asubuhi, akipunga karatasi.

"Mtoto wa sindano yuko wapi?"

"Imepatikana," mkwe alisema. "Haikuwa tumboni. Tunaondoka."

"Hii imeshagongwa muhuri. Nikiifuta lazima nikaeleze kwa mkubwa wangu, na leo mkubwa wangu mwenyewe sitaki hata kumwona. Leteni mtoto. Ni dakika moja."

Mkwe alimtazama fundi, akamtazama yule mwanamke sakafuni. Alichoka ghafla.

"Haya," alisema. "Dakika moja."

*

Waliitazama picha kutoka mlangoni, wote watatu, juu ya bega la fundi. Mbavu za Bosi zilionekana nyembamba kama meno ya kitana. Na katikati, juu kidogo ya moyo, kulikuwa na duara jeupe, lililokamilika, kubwa kwa kifua kile kidogo.

"Ni sarafu?" mkwe aliuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

Fundi aliinamia skrini. Aliikuza picha. Pembezoni mwa duara kulikuwa na mstari mwingine, duara ndani ya duara. Uso wake ulibadilika; ile hasira ya asubuhi ikafutika yote. Alinyanyua simu ya ukutani.

"Daktari, njoo. Hapana, siyo sindano. Betri. Imekwama kooni. Njoo sasa hivi."

Daktari akitembea haraka, watu husogea. Daktari akikimbia, watu husimama. Kijana yule alikuja anakimbia, koti linapepea, na benchi zima likasimama, mama wa bandeji ameziba mdomo wake.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Betri ya aina hii ikikwama kooni inaunguza. Haingoji. Wakati tunaongea hapa inaunguza. Tunampeleka chumba cha upasuaji, tutaingiza mpira wenye kamera tuitoe. Lakini niambieni, nyumbani kuna kifaa gani kinachotumia betri bapa, ya duara? Nataka kujua ni betri mpya au iliyokwisha, na amekaa nayo tangu lini."

Mkwe alitikisa kichwa. Hakujua. Alikuwa anapitia nyumba nzima akilini, rimoti, saa, midoli.

Mwandishi alijua. Aliijua papo hapo, kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wake. Ilikuwa taa yake ndogo ya kubana kwenye kola, aliyoitumia kufumia uzi mweusi ambao macho yake hayauoni tena. Jana ilikuwa imefifia. Leo, alipoketi kuunganisha sweta, ilikuwa inawaka vizuri.

Alimgeukia mume wake. Mzee alikuwa amesimama nyuma yao, anatazama picha bila kuelewa, anangoja mtu amweleze. Hakuwa amesikia kitu. Kama Mwandishi angesema "sijui", mzee huyu angekwenda nyumbani hajui, na angekufa hajui. Lakini daktari alikuwa anangoja, na kumnong'oneza mzee hakuwezekani. Ilibidi apige kelele, mbele ya mkwe, mbele ya foleni.

"Baba! Taa yangu ya kufumia! Ulibadilisha betri?"

Uso wa mzee ulichanua. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefanya jambo kimyakimya na sasa linatambuliwa. "Eeh! Mchana, wewe ukiwa jikoni. Niliona jana unahangaika. Sasa unaona vizuri, sivyo?"

"Ile ya zamani uliiweka wapi?"

"Pale pale kwenye stuli. Nilisema nikitoka uani nitai—"

Akanyamaza. Aliitazama tena picha, lile duara. Midomo iliendelea kusogea bila sauti.

"Iliyokwisha," Mwandishi alimwambia daktari. "Tangu mchana."

Mkwe hakumpigia mzee kelele. Hata hakumtazama. Alikuwa bado ameshika ile sindano. Akauchukua mkono wa Mwandishi, akaiweka kiganjani, akavifunga vidole vya mama mkwe wake juu yake kimoja kimoja. Kisha akakimbia kumfuata daktari.

*

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, hivyo mmoja akitetemeka wote wanatetemeka. Mzee alikataa kukaa. Alikwenda kusimama kwenye ngazi.

Mwana wao, baba yake Bosi, alikuwa dereva wa malori ya masafa, yuko mbali. Alipiga simu.

"Mama, niambie ukweli. Usinipambie."

"Wamemwingiza ndani. Wanamtoa betri."

"Atapona?"

Maisha yake yote Mwandishi alikuwa mtu wa kupata maneno. Aliyatafuta. "Sijui, mwanangu," alisema. "Endesha polepole."

Mkwe alikaa viti viwili kutoka kwake. Kila mlango ulipofunguka walisimama pamoja, na kila ulipofungwa walikaa pamoja, na vile viti vikapiga kelele.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamke wa makamo, barakoa imeshuka kidevuni. "Imetoka," alisema, na kabla hawajashangilia aliinua mkono. "Imeunguza. Kuna kidonda pande zote mbili za koo. Hakijatoboka. Kinaweza kutoboka bado, kesho, keshokutwa, hata baada ya hapo. Hatakula wala kunywa kwa mdomo. Tutamlisha kwa mpira wa puani, na tutamwangalia. Sitawaahidi kitu." Aliwatazama mmoja mmoja. "Ila mlifanya vizuri kuja mapema. Mngemlaza nyumbani mpaka asubuhi, tungekuwa tunaongea mengine."

Mkwe alishika ukuta.

*

Siku za wodini zilikuwa na hofu ya aina nyingine, ya polepole. Kila Bosi alipokohoa, waliangalia leso kama ina damu. Kila joto lake lilipopanda kidogo, mmoja wao alikimbia kumwita muuguzi, na muuguzi akaanza kuwaambia, bila ubaya, "Jamani, mtanimaliza miguu." Mtoto alikuwa na mpira puani na mikono imefungwa bandeji asiuvute. Alinyoosha bandeji kuonyesha chupa za maji za wagonjwa wengine, akiamuru, na hakuna aliyeweza kumtii.

Mzee alikuja kila siku. Alisimama mlangoni. Alileta nguo safi, akampa mkewe, akaondoka. Hakuwahi kukifikia kitanda.

Mwandishi hakuleta kazi yoyote ya mkono. Hapo kabla hata msibani alikaa na kulabu. Sasa mikono yake ilikaa mapajani, na kwa kuwa haikuzoea kukaa, ilianza kutetemeka. Aliikalia. Ilitetemekea huko chini. Mkwe aliona. Yeye pia alikuwa na vidole visivyojua kupumzika. Alikuwa ameshasuka nyuzi za pindo la pazia la wodi, akazifumua, akazisuka tena.

Alasiri moja mkwe alivuta kiti nyuma, akaonyesha sakafu mbele ya magoti yake.

"Mama, njoo ukae hapa."

"Hapo chini?"

"Nywele zako zimekuwa kama kiota. Njoo."

Mwandishi alisita. Hajawahi kukaa miguuni pa mkwe wake, na wodi ilikuwa imejaa. Kisha akakumbuka alipokuwa amekaa siku ile, akashuka. Kilemba kikavuliwa. Kitana kikapita kwenye mvi, polepole, kikitafuta njia ya katikati.

Msuko wa kwanza ukafika kisogoni.

"Mama," mkwe alisema, na Mwandishi hakuweza kumwona uso. "Mimi ningemlaza."

"Usiseme hivyo."

"Ningemlaza. Ningempa dawa ya maumivu ya kuota meno, nikafunga mlango ili usimsumbue. Nililifikiria kabisa pale mlangoni, nitafunga kwa ufunguo." Vidole vilisimama. "Kila nikisinzia naota niko chumbani naye, nimefunga, nawe unagonga."

Mwandishi alinyoosha mkono nyuma, akashika kifundo cha mguu cha mkwewe. Alibaki amekishika.

"Nitavigawa vyote," alisema baadaye. "Sindano, nyuzi, kila kitu. Nimeshamwambia dada wa shule ya ufundi aje achukue."

"Mwambie asije."

"Ulikuwa unasema kweli siku zote, mwanangu. Nyumba ile ni mtego."

"Tutaweka kabati lenye kufuli, ufunguo nitakaa nao mimi. Ukitaka kufuma utaniomba, nami nitakupa kwa kuhesabu, na utarudisha kwa kuhesabu." Kitana kiliendelea. "Lakini ukivigawa, hiyo mikono utaipeleka wapi? Angalia inavyofanya. Itanitia wazimu."

Mwandishi alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine katikati, na mkwe akamshikilia kichwa ili mstari usipinde.

Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama wima wakati yule daktari wa makamo alipoingia na kikombe na kijiko. Picha ya asubuhi ilikuwa nzuri, alisema. Angependa kujaribu maji. Alisema "kujaribu" kwa namna iliyowafanya wote wawili wasimame na kushikana.

Bosi alikiona kijiko tangu mbali. Alifungua kinywa kabla hakijafika. Maji yakaingia. Kinywa kikafungwa, na kwa muda hakuna kilichotokea, mtoto amekodoa macho kama anayejiuliza jambo. Mkwe alikuwa amezamisha kucha kwenye mkono wa mama mkwe wake. Kisha koo likapanda, likashuka. Hakukohoa. Hayakurudi. Alifungua kinywa tena, akalia kwa hasira kwamba kijiko kinachelewa.

Cha pili kikapita. Cha tatu kikapita. Mkwe alikaa kitandani, akaweka uso kwenye shuka la mtoto, mabega yakamtikisika bila sauti.

Bosi alipochoka na maji alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtuma, akamwona babu yake mlangoni, na mfuko wa nguo. Akamnyooshea ile mikono ya bandeji. Anataka kubebwa.

Mzee hakusogea. Hakuhitaji masikio kuelewa. Alielewa, ndiyo maana hakusogea. Alimtazama mkwewe. Mkwe aliinua uso uliolowa, akamtazama kwa muda mrefu, na hofu ilikuwa bado imo ndani ya macho yake, haijaenda popote.

Mzee aliweka mfuko chini. Akageuza mifuko ya suruali nje, wa kulia na wa kushoto. Akavua saa ya mkononi, akampa mke wake. Kisha akafungua viganja vyote viwili mbele ya mkwewe, akavionyesha juu, akavionyesha chini, kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Mchukue, Baba," mkwe alisema, kwa nguvu ili asikie.

Akamchukua.